Unataka kufungua banda la chipsi? Kaa chini na haya kwanza

Mtu akishika milioni moja au moja na nusu hivi, iwe ya mchezo wa kupeana kwa zamu, ya kiinua mgongo au ameuza kiwanja, wazo la kwanza ni biashara ndogo, na hapa Dar kwa watu wengi biashara ndogo maana yake ni chipsi. Sio wazo baya hata kidogo. Chipsi zinaliwa Mbagala, zinaliwa Sinza, anakula mwanafunzi, anakula bodaboda, anakula mtu katoka kazini kachoka hataki kuwasha jiko, na hela unapewa palepale. Ila mabanda ya chipsi yanafunguliwa kila siku na yanafungwa kila siku, na ukichunguza vizuri mengi yanayofungwa yalikuwa na wateja. Kaango linafanya kazi, watu wanasubiri, afu mwezi wa tatu mwenye banda hana hela ya kununua viazi na hajui imeenda wapi. Kwa hiyo haya naandika kwa yule ambaye hajanunua hata kabati, hela bado anayo mkononi, maana huo ndo muda ambao kujiandaa hakukugharimu kitu. Ukishalipa pango la miezi sita maswali mengi unakuwa umechelewa kuyauliza.

Nyumbani mnakula nini wakati biashara haijasimama?

Swali hili watu wanalirukaga kabisa, wanakimbilia bei ya jiko. Kaa na karatasi uandike nyumba yenu inatumia shilingi ngapi kwa siku, ukweli wenyewe, sio ile ya kujipendelea. Unga, mchele, mkaa wa nyumbani, maji, vocha, nauli ya watoto, dawa ya bibi, kila kitu. Chukulia umepata elfu kumi kwa siku. Miezi mitatu hiyo ni laki tisa. Sasa kama una milioni moja na nusu na hakuna hela nyingine inayoingia mahali popote, mtaji wako sio milioni moja na nusu, mtaji wako ni laki sita, ile laki tisa ni chakula. Watu wengi wanaweka yote kwenye banda, halafu njaa ikibisha hodi wanaanza kuchota kwenye hela ya viazi, leo buku tano, kesho msimbazi, na siku ukienda sokoni unanunua nusu ya ulichokuwa unanunua, unauza nusu, na unachota tena ileile. Hapo hakuna mchawi wala jicho la mtu.

Kama umeajiriwa usiache kazi kwanza. Chipsi uzuri wake zinauzika jioni, watu wengi wanaanza kuuza saa kumi na moja kwenda saa tano usiku, kwa hiyo ukiwa na mtu wa kukusaidia kumenya mchana unaweza kabisa kuanza ukiwa na kibarua chako. Kama mko wawili nyumbani, mmoja abaki na kinacholisha nyumba na mwingine asimamie banda, msiingie wote kwa pamoja. Na mkae kikao kabisa, wewe na mwenzio, mkubaliane kwa mdomo na kwa maandishi kwamba hela ya banda haiguswi kwa mambo ya nyumbani mpaka tarehe fulani. Mkubaliane na habari ya ndugu pia. Shemeji atapita, mjomba atapita, mtoto wa jirani atatumwa sahani moja "mama kasema utamdai", hizo zote ni sahani na zinaingia kwenye daftari kwa bei ileile ya dukani, na anayezilipia ni wewe kutoka mfukoni mwako. Sio uchoyo huo. Ukimpenda ndugu yako mlipie, ila banda lipate hela yake.

Kamenye viazi vya mtu kwanza

Kabla ya chochote tafuta banda la mtu, mbali kidogo na unapotaka kuweka lako ili asione unamjia na ushindani, muombe kazi. Mwambie tu ukweli dada au kaka, nataka kujifunza, nitamenya, nitaosha, unipe cha nauli. Wengi wanakubali kwa sababu kumenya ni kazi inayowachosha wote. Fanya wiki mbili tatu. Kuna vitu hapo huwezi kuvipata kwa kuangalia video.

Utajua viazi. Kuna viazi vikikaangwa vinalegea na kunywa mafuta, na kuna vinavyotoka vikavu na vinajaa sahani, na muuzaji wa sokoni anajua vipi ni vipi lakini hatakwambia kama hujui kuuliza. Uliza vimetoka wapi, Mbeya, Njombe, Lushoto, na kila ukikuta mzigo mzuri andika ulipotoka na jina la aliyekuuzia. Viazi vilivyoanza kuwa kijani usichukue kwa sababu ya bei, ile rangi inakuja na sumu inaitwa solanini, kiazi kinakuwa kichungu na mteja anaweza kuumwa tumbo. Vibichi usiviweke kwenye friji ukidhani unavitunza, baridi inageuza wanga kuwa sukari, ukikaanga vinakuwa vyeusi nje ndani bado. Vinataka mahali penye giza, pakavu, hewa inapita. Na ukishakata loweka kwenye maji, vinginevyo vinageuka rangi na vinashikana kwenye kaango.

Utajua mafuta pia. Mafuta ndo yanakula hela kimyakimya. Yakianza kutoa povu linalokaa, kutoa moshi mapema na chipsi zinatoka kahawia iliyokolea, muda wake umekwisha, na mwenye banda mzuri utamuona anayachuja kila usiku yakishapoa, kwa sababu vile vipande vilivyoungua chini ndo vinavyoyaua haraka. Angalia anaongeza mapya lini na kiasi gani, maana hiyo ndo gharama usiyoiona ukisimama upande wa mteja.

Afu utajua mwili wako. Kusimama mbele ya moto masaa sita, moshi machoni, mafuta yanaruka, mteja amelewa anakutukana kwa sababu ya pilipili, na kesho asubuhi saa kumi na mbili uko sokoni. Wapo watu wazuri kabisa ambao hii kazi haiwafai na hakuna aibu yoyote kuligundua hilo kwenye banda la mwenzio, bora ujue kabla hela yako haijatoka.

Kilo tano

Hapa ndo nataka uweke akili yako yote, hata kama mengine utayasahau. Usiulize watu "chipsi zinalipa?" Kila mtu atakwambia zinalipa. Fanya jaribio nyumbani, linakugharimu siku moja na hela kidogo.

Nunua viazi kilo tano, ukiwa na mzani au ukipimiwa mbele yako. Menya mwenyewe, kusanya maganda na sehemu mbovu uzipime, usishangae ukikuta kilo nzima imeenda kwenye ndoo ya taka. Pima mafuta unayomimina kwenye kaango, na ukimaliza yaache yapoe kabisa uyapime tena. Kabla ya kukaanga, nenda kanunue sahani moja kwenye banda la mtaa ule unaoutaka, irudishe nyumbani uangalie ni kiasi gani, hicho ndo kipimo ambacho mteja wa pale amekizoea, ukimpa pungufu hatorudi na ukimpa zaidi unajiumiza. Sasa kaanga zako zote, jaza sahani kwa kipimo hicho, hesabu.

Chukulia umepata sahani 12. Namba ninazoweka hapa ni za mfano tu ili uone hesabu inavyokwenda, wewe weka za kwako za siku hiyo. Kilo moja umenunua 1,200, kilo tano ni 6,000, gawanya kwa 12, viazi kwenye kila sahani ni 500. Mafuta yamepungua nusu lita, lita ni 5,000, kwa hiyo 2,500 gawa kwa 12 ni kama 210. Mkaa, chukulia kwa siku unatumia wa 6,000 na unauza sahani 40, hiyo ni 150 kwa sahani. Kachumbari, chumvi, tomato, pilipili, weka 100. Kifungashio na vijiti, 100 nyingine. Jumla 1,060. Unauza 2,000, inabaki 940.

Watu wengi wakifika hapo wanazidisha 940 mara 40 wanapata 37,600 kwa siku wanaanza kuota gari. Subiri. Kuna hela inayotoka hata usipouza sahani hata moja. Kijana wako elfu kumi kwa siku. Pango laki moja kwa mwezi, ukifungua siku 26 ni kama elfu nne kwa siku. Maji, taa na taka, elfu mbili. Hiyo ni 16,000 kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Gawa 16,000 kwa 940 unapata 17 na kidogo. Maana yake sahani 17 za kwanza za kila siku sio zako, ni za kijana, mwenye fremu na muuza maji. Wewe hela yako inaanzia sahani ya 18. Ukiuza 40 unabaki na 21,600, humo bado hujalipa kodi ya serikali, hujaweka ya kaango litakalotoboka. Ukiuza 15 siku ya mvua, umepata 14,100 na umetoa 16,000, umelala na deni la 1,900 na umechoka vilevile.

Sasa rudia hesabu hiyohiyo viazi vikipanda. Na vitapanda, kila mwaka kuna kipindi vinaadimika, barabara zinaharibika kwa mvua, mzigo haushuki. Weka kilo moja 2,000 badala ya 1,200. Viazi kwenye sahani vinatoka 500 vinakuwa kama 833, kile kilichokuwa kinabaki 940 kinakuwa 607 hivi, na zile sahani 17 za kutoa gharama zinageuka 27. Kama mtaa wako unauza sahani 30 kwa siku basi hapo unafanya kazi usiku kucha kwa ajili ya sahani tatu. Haya yote unataka uyajue sasa hivi ukiwa umekaa kwenye mkeka nyumbani, ili viazi vikipanda uwe umeshaamua utapunguza kipimo, utapandisha jero, au utavumilia kwa akiba uliyoweka. Anayekutana na hiyo hesabu kwa mara ya kwanza akiwa sokoni anapaniki anachota mtaji.

Zege, yaani chipsi mayai, nayo uipigie hesabu yake peke yake. Trei ya mayai ni 30, chukulia umenunua elfu kumi, yai moja ni kama 333 na zege unapiga mawili, 670 hivi. Kama kavu ni 2,000 na zege 3,000, umeongeza buku lakini mfukoni imebaki 330 tu, na yai likidondoka au likioza limekula karibu sahani nzima ya faida hiyo. Zege uza, wateja wanaipenda, ila usifikiri ile elfu tatu uliyoshika yote ni neema. Kuku na mishikaki mimi ningesema subiri kwanza. Nyama iliyobaki usiku sio kama kiazi, inataka friji ya uhakika na inataka roho ya kutupa ikiharibika, na mtu mwenye mtaji mdogo hiyo roho hanaga, anaichemsha kesho anauza, siku moja anaumiza watu.

Kitu kingine, piga hesabu kwa kilo, usipige kwa gunia. Gunia la huyu sio gunia la yule. Lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo wanaipigia kelele miaka yote, lakini sokoni utakutana na magunia ya kila umbo, ya kujaza na ya kupunguza, na ukiandika "gunia moja" kwenye daftari lako hujaandika kitu.

Mtaa

Ukishajua unahitaji sahani ngapi ndo uende kuangalia mtaa, sio kinyume chake. Simama pale jioni, saa kumi na mbili mpaka saa nne usiku, siku ya kawaida katikati ya wiki, na tena Jumamosi, na ukiweza uende tarehe 28 na uende tarehe 15 uone tofauti ya watu wakiwa na mshahara na watu wakiwa wamekauka. Usihesabu wapita njia, barabara inaweza kujaa watu wote wanakimbilia daladala. Hesabu waliobeba chakula mkononi. Kaa karibu na banda lililopo uhesabu sahani zinazotoka kwa saa moja. Kama wao wanatoa 50 kwa usiku na mko mtaa mmoja, usijipangie 60.

Waulize majirani aliyekuwa kwenye hiyo fremu kabla yako aliondoka kwa nini. Mama anayeuza vitumbua pembeni anajua kila kitu, nunua vitumbua ukae naye uongee. Utaambiwa maji yanatoka mara mbili kwa wiki, utaambiwa mvua ikinyesha pale panakuwa bwawa, utaambiwa mwenye nyumba anapandisha kodi kila akiona umeanza kupata.

Fremu nyingi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali anataka yake ya mwezi mmoja juu, na sehemu zilizochangamka aliyepo anaweza kukudai kilemba ndo akuachie. Kabla hujatoa hata mia nenda ofisi ya serikali ya mtaa uhakikishe huyo anayepokea hela ndiye mwenye eneo, na mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mashahidi. Kama unaanza na meza na jiko nje, uliza hasahasa kama pale ni hifadhi ya barabara. Mwaka 2021 machinga wengi waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na njia za watembea kwa miguu hapa Dar na miji mingine, wakapelekwa maeneo yaliyopangwa, na wapo waliokuwa wametoka kutengeneza vibanda vizuri vya bati na aluminiamu. Ukiweza anza mbele ya nyumba yenu kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Pango hamna, na zile sahani 17 zinashuka mara moja.

Angalia na kalenda. Mwezi wa Ramadhani mchana kunapoa na jioni watu wanafuturu nyumbani, mitaa mingine chipsi zinaanza kutembea baada ya tarawehe. Banda lililo jirani na shule au chuo likizo linalala. Januari watu wamelipa ada, mifuko imekauka, sio mwezi wa kufungua kitu kama una namna ya kusubiri.

Makaratasi, ila usiyaogope

TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa TRA, Mamlaka ya Mapato, ni bure, unahitaji namba ya NIDA, mtu akikutoza hela ya TIN ni ya kwake. Leseni ya biashara inatoka halmashauri, siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI, nenda kwa afisa biashara akueleze kundi lako. Kwa wadogo kabisa kuna kitambulisho cha mjasiriamali, kile kilichoanza Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, kaulize kwenye kata yako utaratibu wa sasa ukoje na kama unaingia humo. Unauza chakula, kwa hiyo kapime afya wewe na kijana wako, na onana na afisa afya kabla hajaja yeye, mwambie nataka kufungua hapa nifanye nini. Mtu aliyeulizwa mapema anakuelekeza, ukingoja akukute unaongea naye lugha nyingine. Vifungashio navyo, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, so gharama ya boksi au mfuko unaokubalika iweke kwenye hesabu toka mwanzo.

Kuhusu kodi, watu wengi wanakimbia TRA kwa kutokujua. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayalipi kodi ya mapato. Mauzo kati ya milioni 4 na 7, asiyeweka kumbukumbu anatozwa 100,000 kwa mwaka, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani mauzo ya milioni 5 analipa 30,000. Umeona daftari la buku mbili linavyookoa elfu sabini? Ila piga hesabu yako mwenyewe kwa ukweli, maana sahani 40 za buku mbili kwa siku 26 kwa miezi 12 ni karibu milioni 25, huko ni daraja lingine kabisa, mambo ya risiti za mashine ya EFD yanaingia. Nenda ukae na afisa wa TRA akuelekeze, na viwango vinaweza kubadilika kila Julai baada ya bajeti kwa hiyo uliza vya mwaka huo.

Mkopo

Kama hela haitoshi, punguza banda, usiongeze deni. Nasema hivi kwa moyo wote kwa sababu hapa ndo wanawake wengi wanaumia. Mikopo ya kausha damu, ile unapewa leo na marejesho yanaanza kesho au wiki ijayo, haijatengenezwa kwa biashara ambayo haijafunguliwa. Rudi kwenye hesabu yetu, ukiuza sahani 40 unabaki na 21,600, sasa toa rejesho la elfu 15 kila siku. Unaishi kwa nini? Ukiuza 30 je? Unabaki na 12,200, rejesho halifiki, wanakuja kuchukua jiko na kabati, vitendea kazi vyenyewe. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu, muombe akuonyeshe, soma riba na adhabu kabla ya kusaini, na usiweke kitanda cha watoto rehani hata siku moja.

Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Inachukua muda na kwa kawaida inataka kikundi kilichosajiliwa, muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. VICOBA nayo ni njia nzuri kama umeshakuwa mwanachama na unawajua wenzio. Hela ya mchezo pia sawa, ila jua zamu zinazofuata za wenzio bado unatakiwa uchangie, hiyo nayo ni hela inayotoka kila wiki, iandike.

Vifaa na mtu wa kukusaidia

Vifaa sitaki kukuchosha. Kaango zito, jiko linaloshika moto, kabati la kioo, ndoo zenye mifuniko, visu viwili vizuri, meza, taa ya akiba. Tafuta mtu anayefunga banda umnunulie vyote kwa pamoja, utapata kwa bei nzuri, jaza kaango maji kwanza uone kama linavuja. Usinunue viti ishirini. Wengi wanabeba.

Kijana wa chipsi ndo roho ya banda, na watu wanamchukulia poa. Kubalianeni kabla: malipo ya siku, siku ya kupumzika, anakula nini, akiungua nani anampeleka hospitali. Mlipe kila siku bila kumzungusha. Udhibiti wake usiwe wa kumshuku, uwe wa kuhesabu, mnahesabu sahani au maboksi na mayai pamoja jioni mkifungua, mnahesabu pamoja usiku mkifunga, na yeye anaona unachoandika. Hapo hata yeye amelindwa, siku hela ikipungua hamna kusingiziana. Fungua laini ya biashara yenye Lipa Namba, tofauti kabisa na namba yako ya kupigiwa, ili hela ya wateja isichanganyike na hela uliyotumiwa na shangazi. Na cash weka kwenye mkoba wake, chenji ya kuanzia siku iwe kiasi kilekile kila siku, elfu kumi za mia mia tano tano na buku buku, vinginevyo wateja wa kwanza wanaondoka kwa kukosa chenji.

Wiki kabla ya kufungua

Uza jioni chache kwa majirani tu, bila bango, sahani 10 au 15, kwa hela kamili sio bure, maana chakula cha bure kila mtu anakisifia. Waangalie wanavyokula. Sahani zikirudi na mabaki, uliza. Muda wa kutoa sahani moja toka mteja aagize upime, ikizidi dakika kumi na mafuta yakiwa ya moto kuna kitu kwenye mpangilio wako hakijakaa sawa. Status ya WhatsApp weka, picha piga kwenye mwanga mzuri, inatosha kwa kuanzia.

Afu kabla hujafungua rasmi andika karatasi moja yenye vitu vitatu: sahani ngapi kwa siku ndo banda linajilipa, sahani ngapi ndo na wewe unapata riziki unayoitaka, na tarehe, miezi mitatu mbele hivi, ambayo kama wastani haujafika ile namba ya kwanza utahama eneo au utafunga ukiwa bado na vifaa na kiasi cha mtaji. Uiandike sasa kichwa kikiwa kimetulia, kwa sababu ukishaanza utakuwa unajiambia mwezi ujao, mwezi ujao, mpaka hela ya chakula nayo imeisha. Nakala moja mpe dada yako au mtu mwingine unayemheshimu ambaye hana hela yake humo, na mwambie tarehe hiyo ikifika aje akae na wewe na daftari mpige wastani pamoja.